Kichwa ya meko ni mpya lakini inavuja: Hii ndiyo rada ya spea za gesi Garissa

Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukiutunza unaweza kukaa na wewe miaka mob. Kinachokufa ni vile vitu vidogo vya juu: kichwa ya meko, raba ya ndani, regulata, mpira wa gesi. Na kama uko Garissa, Dadaab, Wajir ama Mandera, pengine hii stori unaijua. Kichwa iliyokuja na mtungi ilidumu vizuri. Ya pili ikadumu nusu ya hiyo. Ya tatu ukainunua Ramadhani ikianza, na Idi ikafika kama tayari inatoa moto wa njano na harufu usiku.

Usidhani ni mkosi wako, ama eti unaizungusha vibaya. Kuna sababu spea za gesi zinazidi kuwa mbovu, na kuna sababu zingine kwa nini ubovu huo unauma zaidi ukivuka daraja la Tana. Wacha tuipange polepole, juu hii si stori ya doo peke yake. Hii kitu inaweza kuchoma keja na watu wakiwa ndani.

Meko yako ni jiko la camping, ni vile hujaambiwa

Nairobi ukisema "camping" msee anafikiria hema Naivasha na marshmallow. Garissa ukisema "camp" watu wanajua unamaanisha Ifo, Dagahaley ama Hagadera. Lakini meko ya kilo 6, ile unafunga kichwa moja kwa moja juu ya mtungi, ni ile ile ya watu wa hema. Ilichorwa hivyo ili ubebe kila kitu mkono mmoja: moto, mtungi na kikalio cha sufuria. Ndiyo maana iko kwa keja za wanafunzi wa Garissa University, iko nyuma ya kiti cha dere wa lori anayeenda Mandera, na iko kwa mama anayekaanga sambusa jioni.

Sasa shika hapa. Ukitumia mtungi wa kilo 13 na jiko la mezani, gesi inapita kwanza kwa regulata. Regulata inapunguza presha ya mtungi hadi ibaki kidogo sana, kama milibari 30, kabla ifike kwa mpira. Lakini kichwa ya meko haina regulata. Kinachosimama kati yako na presha yote ya mtungi ni koki moja, raba moja, na katundu kembamba ka kutolea gesi. Presha hiyo, kwa joto la Garissa, inaweza kuwa mara mbili ya tairi ya gari ama zaidi. Kwa hivyo kile kitu cha bei rahisi kabisa kwa jiko ndicho kinachofanya kazi ngumu kabisa.

Vitu vinne vinavyoharibika, na vile vinaharibika

*Raba.* Hii ni ile pete nyeusi pale kichwa inapokutana na mtungi. Raba ya gesi inafaa kuwa ya aina inayoitwa nitraili, ambayo haisumbuliwi na mafuta wala gesi. Raba ya kawaida ikikutana na gesi ya kupikia inafura, inalainika, halafu inapasuka. Kwa macho zote ni nyeusi, zote ni duara. Tofauti utaijua baada ya miezi.

*Nati na koki.* Kichwa poa inatengenezwa kwa brasi, ile metali ya njano yenye uzito. Za chini zinatengenezwa kwa zinki, halafu zinapakwa rangi ya dhahabu. Zinki yenyewe si dhambi, hata regulata nyingi nzuri mwili wake ni wa zinki. Shida ni ukiifanya nati ya kufunga na kufungua kila siku. Meno yake yanalika haraka, na meno yakilika unaanza kukaza kwa nguvu, na ukikaza kwa nguvu unaua raba. Uko hapo?

*Tundu la gesi.* Hili ni dogo kiasi kwamba kiwanda kikikosea kidogo tu, moto unabadilika. Likiwa kubwa, gesi inatoka nyingi kuliko hewa inayoingia, moto unakuwa njano, sufuria inaingia masizi, na mtungi unaisha mapema. Moto wa njano pia unatoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi.

*Mpira.* Mpira wa gesi unafaa kuwa na tabaka, mara nyingi na nyuzi katikati, na maandishi ubavuni: jina la aliyeutengeneza, mwaka, na kiwango cha ubora. Siku hizi kuna mipira ya plastiki laini ya rangi ya machungwa inayouzwa kwa mita bila neno hata moja ubavuni. Gesi inanyonya zile kemikali zinazoifanya plastiki iwe laini, na baada ya muda mpira unakuwa mgumu kama mfupa. Ukiukunja, unapasuka.

Kwani kiwandani kunaendaga aje?

Wasee wengi wanafikiria spea mbaya ni lazima iwe feki, yaani mtu ameiba jina la kampuni. Hizo zipo, na ndiyo maana Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008 na mamlaka yake kabisa. Lakini spea nyingi mbovu si feki. Ni halali, zimelipiwa ushuru, ni vile tu zimetengenezwa vibaya.

Inaanza hivi. Muagizaji anaenda kiwandani na kuambiwa bei. Anaomba ipunguzwe. Kiwanda kinakubali, lakini hakuna kiwanda kinachokula hasara. Shehena ya kwanza inakuja safi. Ya pili, ukuta wa nati umekuwa mwembamba kidogo. Ya tatu, raba imebadilishwa. Ya nne, ile hatua ya kupima kila kichwa kwa hewa imerukwa, juu kupima kunakula muda na muda ni pesa. Mmarekani mmoja, Paul Midler, aliyefanya kazi miaka mingi China kati ya viwanda na waagizaji, aliandika kitabu 2009 akieleza huu mchezo wa ubora kufifia polepole. Ujanja wake ni kwamba hakuna shehena moja inayotofautiana sana na ya nyuma yake. Muagizaji akilinganisha ya nne na ya tatu, anaona ziko sawa. Ukilinganisha ya nne na ya kwanza ndiyo unashtuka.

Ongeza moldi. Vichwa hivi vinamwagwa kwa moldi, na moldi inalika ikitumika. Kiwanda chenye nidhamu kinapima na kuibadilisha. Kiwanda cha bei ya chini kinaitumia hadi ikatae. Ndiyo maana unaweza kupata kichwa mbili, boksi moja, rangi moja, moja inakaa kwa mtungi kama imezaliwa hapo na nyingine inayumba.

Haikuwa hivi siku zote. Uliza ayeeyo wako kuhusu stovu ya primasi, ile ya mafuta taa ya kupiga pampu. Primus ilianzia Sweden, mtu aliyeitwa Frans Wilhelm Lindqvist, na kampuni ni ya 1892. Ile kitu ilikuwa brasi karibu yote, na ilichorwa ifunguliwe: tundu likiziba unazibua, ngozi ya pampu ikikauka unabadilisha. Spea ilikuwa sehemu ya jiko. Siku hizi spea ni biashara tofauti, ya watu tofauti, na aliyekuuzia mtungi hajui nani alitengeneza kichwa ulichonunua baadaye.

Hesabu ndogo, usikimbie

Utaskia mtu akisema, "Lakini mzigo ulikaguliwa." Kweli, Kenya imekuwa na mpango wa KEBS wa kukagua bidhaa huko zinakotoka tangu 2005. Mzigo ukipita unapewa cheti, na bidhaa zinabandikwa alama. Poa. Lakini hakuna mtu anayefungua boksi zote. Wanachukua sampuli.

Tuseme kontena ina vichwa 10,000, na kimoja katika kila 100 kinavuja. Hivyo ni vichwa 100 vinavyovuja. Mkaguzi anachukua 50 bila kuchagua. Ukipiga hesabu, kuna nafasi ya karibu asilimia 60 kwamba hatakutana na hata kimoja kibaya. Mzigo unapita, na hajafanya makosa yoyote. Vile 100 vinaingia sokoni na alama halali kabisa juu yao.

Ndiyo maana sampuli haiwezi kuchukua nafasi ya kiwanda kupima kila kipande. Kwa shati, kimoja kwa 100 ni sawa, utarudisha. Kwa kitu kinachoshika presha ya gesi ndani ya chumba chenye watoto, hiyo moja ni moto.

Na kwa nini Garissa inaumia zaidi?

Kwanza, joto. Mchana Garissa inapita nyuzi 34 bila jasho, wewe ndiye unatoka jasho. Gesi ikitoka nyuzi 20 hadi nyuzi 40, presha ndani ya mtungi inapanda kwa zaidi ya nusu. Raba ambayo ingejikokota mwaka mzima Limuru inaweza kusalimu amri hapa mapema sana. Na huo mpira wa plastiki, ukikaa karibu na ukuta wa mabati saa nane mchana, unajipika wenyewe.

Pili, vumbi. Mchanga mwembamba unaingia kwa tundu na kwa njia ya hewa. Moto unakuwa njano, msee anachukua sindano anachokoa. Sindano inapanua tundu. Siku hiyo moto unakuwa mkubwa unafurahi, kumbe umegeuza jiko lako kuwa la hatari.

Tatu, feni. Hii watu hawaibongi. Keja ni chumba kimoja, feni iko juu inazunguka usiku na mchana, na meko iko chini kwa kona. Ukipunguza moto shaah ichemke polepole, feni inauzima. Kichwa ya meko ya bei rahisi haina kile kifaa cha kukata gesi moto ukizima. Kwa hivyo gesi inaendelea kutoka, wewe uko kwa simu unafikiria chai inaiva.

Nne, na hii ndiyo kubwa: umbali. Kutoka Nairobi hadi Garissa ni kilomita kama 365. Ukinunua kichwa Eastleigh ikatae, kesho unarudi nayo, unapigia muuzaji kelele mbele ya wateja, anakupa nyingine. Huyo muuzaji naye anarudisha kwa aliyemuuzia. Kelele hizo ni ukaguzi wa ubora wa bure, juu muagizaji akirudishiwa nyingi anabadilisha kiwanda. Sasa fikiria umenunua kichwa hiyo hiyo Elwak. Muuzaji wa Elwak alitoa Garissa, wa Garissa alitoa Nairobi. Nauli ya kurudisha ni kubwa kuliko kichwa yenyewe. Kwa hivyo hakuna anayerudisha. Unaitupa, unanunua nyingine, na huko juu hakuna anayejua kuwa mzigo wake ulikuwa mbovu. Mzigo ukijulikana ni wa wateja wasiorudisha, unadhani muuzaji wa jumla atautuma upande gani ule wa chini?

Hata mwaka 2023 ukiisha na tena Aprili 2024, mafuriko yalipokata barabara ya Garissa, watu walinunua kile kilichokuwa kwa rafu. Ukiwa huna pa kuchagua, muuzaji hana haja ya kujipanga.

Mtungi nao je?

Saa zingine kichwa ni fiti na kinachovuja ni mtungi. Tangu sheria za gesi za 2019, kampuni inajaza mitungi yake peke yake, ama iwe na makubaliano na mwenye mtungi. Sababu ni rahisi: mwenye mtungi ndiye anaangalia vali na kuupima upya. Mjazaji wa uchochoroni hapimi chochote, anajaza na kusonga. Usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lililipuka Mradi, Embakasi. Watu walikufa na zaidi ya 200 wakaumia. EPRA ikasema ombi la kujenga kiwanda cha gesi mahali hapo lilikuwa limekataliwa 2023. Ile ilikuwa gesi nyingi mahali pamoja. Kwa keja yako ni kilo 6 tu, lakini sheria ya moto ni ile ile.

Kabla utoe doo, fanya hivi

1. *Pima uzito mkononi.* Shika kichwa mbili za saizi moja. Brasi ni nzito kuliko zinki. Ile nyepesi kama toy, wachana nayo.

2. *Kwaruza mahali pa siri.* Tumia ufunguo, ndani ya nati. Njano hadi ndani ni brasi. Ikitokea kijivu, umeuziwa rangi. Sumaku haitakusaidia hapa, haishiki brasi na haishiki zinki pia.

3. *Ifunge kwa mtungi hapo hapo.* Inafaa kuingia kwa vidole, laini, bila kuyumba na bila kulazimisha. Ikihitaji spana ili isivuje, si yako.

4. *Sabuni.* Muuzaji aweke kwa mtungi wake, nje, mbali na moto. Fungua mtungi, funga koki ya kichwa, paka povu la sabuni kwa nati na koki. Povu likifura, linavuja. Kamwe usipime kwa kiberiti.

5. *Soma mpira.* Kama hauna mwaka, jina wala kiwango, usinunue hata ukipewa bure. Na ufungwe kwa klipu ya skurubu pande zote mbili, si waya, si kamba ya tairi.

6. *Cheki alama.* Bidhaa za hapa zenye alama ya ubora ya KEBS zina namba ya kibali. Tuma SM#, halafu namba hiyo, kwenda 20023, utajibiwa ni ya nani na ya bidhaa gani. Ukijibiwa ni ya unga wa ugali na wewe umeshika regulata, umejua.

7. *Omba risiti.* Hata ya mkono. Bila risiti huna kesi.

Ukiskia harufu

Gesi yenyewe haina harufu. Ile ya mayai viza huwekwa makusudi ili ikuamshe. Na gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, haipandi kwa dirisha, inashuka chini na kulala sakafuni, pale godoro liko. Lita moja ya gesi ya maji ikitoka inakuwa zaidi ya lita 200 za hewa ya gesi, na hewa ya chumba ikiwa na asilimia kama 2 tu, cheche moja inatosha.

Kwa hivyo usiwashe taa. Usizime taa. Usiguse feni, hata kama akili inakuambia itafukuza harufu, juu cheche iko ndani ya swichi. Funga mtungi, fungua mlango wote, toa watu, na kama mtungi haufungi ubebe nje mahali wazi, mbali na jiko la jirani. Simu ipigie nje.

Hii si huruma, ni haki yako

Kifungu cha 46 cha Katiba kinasema mnunuzi ana haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Hakijasema "mnunuzi wa Nairobi". Kuna pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Zote ni maneno mazuri, lakini zinaamka mtu akilalamika. Na ukilalamika kivyako kuhusu kichwa ya mia mbili, utaonekana mtu wa kelele.

Kwa hivyo mfanye kama group. Kama mko kumi kwa plot moja Bulla Iftin ama hosteli moja, nunueni kwa duka moja, na mkubaliane na mwenye duka mapema: ikivuja ndani ya mwezi, inarudi. Yeye naye akikusanya vichwa 15 mbovu, hiyo ni sauti. Akienda Nairobi nazo kwa mfuko mmoja, muuzaji wa jumla atamskia, juu anapoteza mteja wa boksi nzima. Huo ndio ule mlolongo wa kelele ambao umbali ulikata, na mnaweza kuuunga tena bila kungoja mtu wa serikali.

Na wewe mwenye duka Soko Mugdi unayesoma hii: chupa ya maji ya sabuni na mtungi mmoja wa kupimia hazikugharimu kitu. Pima kila kichwa mbele ya mteja. Zile zinazovuja weka kando urudishe. Utauza ghali kidogo kuliko jirani, na watu watakuja kwako tu, juu hakuna mathe anayetaka kuokoa soo moja alafu alale macho wazi akinusa hewa.

Leo jioni, kabla uwashe ya chajio, chukua dakika mbili na povu la sabuni. Anza na raba.